Bega la Tajudini: Sauna au Hamamu

Alhamisi, 1 Juni 2000

Tumetoka kwa Orlane, yule kine, mtaalamu wa viungo anayemnyoosha mume wangu Tajudini bega. Anasema mazoezi peke yake hayatoshi. Misuli imekaza, inataka joto. Sauna au hamamu, tuchague wenyewe — moja joto kavu, nyingine mvuke. Bila hivyo mkono hautapanda tena. Na fundi wa magari asiyeweza kuinua mkono atafanya nini chini ya gari?

Tajudini akamjibu kwa adabu, merci madame. Tulipofika nje: "Mi siendi kukaa uchi na batu, Mama Abdu."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka. Tangu basi alilopanda lichomwe moto njia ya Bugarama, mwezi wa pili, analala na shati. Anaoga na komeo limefungwa. Mimi mke wake sijauona mgongo wake tangu atoke hospitali! Makovu hayanitishi. Shati ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 3 Juni

Nimekwenda mtaa wa Rohero kuiona nyumba yenye sauna na hamamu kwa macho yangu. Jirani yangu Mwavita amenisindikiza, na mdomo wake haukupumzika njia nzima. Eti sauna inakausha wanaume kama ndagala, dagaa wanaoanikwa mchangani, nitarudishiwa mifupa.

Zénon, mwenye nyumba, alitufungulia kabla wateja hawajafika. Sauna ni chumba cha mbao, taa inawaka, mabenchi yanatazamana. Ukikaa, wa mbele anakuona hadi kitovu. Hamamu ni vigae na mvuke tu. Nilinyoosha mkono, sikuona vidole. Mwavita alipotea, nikawa nasikia kikohozi chake.

Nimechagua palepale. Nyumbani nikasema mvuke unafaa zaidi kwa kifua. (Kifua chake hakina neno!) Tajudini akazungusha chai kikombeni.

"Mule ndani, batu banaonana?"

"Apana. Hata Mwavita nilimupoteza."

Akatabasamu kidogo. Atakwenda Jumanne, siku ya wanaume.

Jumanne, 6 Juni

Hakuingia. Umeme ulikatika, mashine ya mvuke ikazima. Sauna ilikuwa na moto, ile ni ya kuni, na waliwasha taa ya chemli. Massoudi, mwenzake wa gereji, aliingia akatoka anang'aa. Wangu alimsubiri kwenye benchi la nje, vifungo hadi shingoni, akanywa Fanta, akarudi.

Amenisimulia kama kichekesho. Nimekwenda jikoni kulia, nikasingizia vitunguu. Nina hasira — na umeme, na waliochoma basi, na vile vifungo. Namtaka mume wangu mzima, na hiyo nusu anayonificha.

Jumamosi, 10 Juni

Tangu asubuhi bunduki zinalia upande wa Gihosha. Mjini hakuna kwenda. Basi, tujifukize wenyewe. Nimechemsha sufuria kubwa ya majani ya mkaratusi na mchaichai, nikatoa blanketi zito la marehemu mama. Kwetu mtu hafukizwi peke yake, asije akazimia humo. Mama aliingia nami kila nilipojifungua. Kwa hiyo na mimi niliingia.

Alikuja na shati. Nikamwambia, likilowa nitalifua. Halafu gizani, chini ya blanketi, nikasikia vifungo — kimoja, kingine. Mkono wangu ukatafuta bega, ukakuta ngozi iliyokunjamana. Alishtuka. Hakujitoa.

"Iko mubaya?"

"Iko yako."

Alilia. Na mimi nikalia. Mvuke ulitusitiri wote wawili.

Kumbe nimetia na pilipili manga, kama ya wazazi waliotoka kujifungua! Mazoea. Tulitoka tunapiga chafya. Mwavita akaisikia harufu kutoka uani kwake, akajua pana mwanamke amejifungua, akapika uji wa mzazi akauleta. Akamkuta mzazi ni Tajudini, ameshavaa shati jingine. Alicheka hadi akakaa chini. Tajudini akaunywa uji wote, akauliza mbona hakuletewa na nguo za mtoto. Sijamsikia akitania hivyo tangu mwezi wa pili.

Jumapili, 11 Juni

Bega halijapanda. Labda kidogo — ameshusha sukari kutoka rafu ya juu, au ni macho yangu tu yanayotamani. Keshokutwa ni siku ya wanaume tena, umeme ukiwepo. Simuulizi sauna wala hamamu.

Sasa anaoga. Nimechemsha maji, nimekaa uani, naandika. Nilingoja kusikia komeo. Sijalisikia.

Maji yametulia. Ananiita.

"Mama Abdu, kuja unisugue mugongo. Mukono haifike."

Miezi yote hii ulikuwa haufiki, na hakuniita. Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa, naandika. Mlango uko wazi kiasi cha kupitisha mkono, na mvuke unatoka. Naweka kalamu, naingia.