Kirati ya Sita

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA, MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Inshirah Abdel-Tawwab Gaballah
Umri: miaka 25
Kazi: mkulima
Elimu: darasa la sita
Makazi: kijiji cha Kafr el-Zeituna, Misri

Mume wangu Ragab yuko Iraki mwaka wa tatu sasa, kwenye tanuri la matofali. Hajui kuandika, hutuma kanda za sauti yake. Katika ya mwisho alisema, "Mama Nawal, ukipata kirati sita za shamba kwenye urithi wa baba'ko, zinatosha majani ya nyati mmoja wa maziwa. Nikisikia ni sita, narudi." Nimeisikiliza mpaka mtoto wetu Nawal anaiita redio baba.

Mnamo tarehe 9 Novemba 1985, saa nne asubuhi, kaka yangu Shehata alimleta Ami Bayumi, mpimaji mzee wa kijiji, anikatie fungu langu kando ya mfereji. Pande zilikuwa mita 40, 25, 30 na 35, kwa mzunguko. Ami Bayumi alijumlisha pande zinazotazamana, akagawa kwa mbili, akapata 35 na 30. Akazidisha: 1,050. Kirati moja ni mita za mraba 175, kwa hiyo akaandika sita. Nilifurahi, sikatai.

Lakini shamba lile limelala upande, hata kwa macho linaonekana. Nilivuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, mita 33. Kutoka kwenye kamba hadi pembe ya huku, wima, ni 25. Ya kule, 28. Ni pembetatu mbili, jumla yake 874 na nusu. Hizo ni kirati tano, tena hazijatimia.

Ami Bayumi akacheka. "Babu yako nilimpimia hivihivi. Wewe na pembetatu zako, nenda kaoke mkate!"

Nikamwambia, "Mkate niliuoka alfajiri, Ami. Shika kamba."

Tukapima tena, ikawa vilevile. Akanisogelea, akasema polepole, "Nyamaza, binti yangu. Kijiji kizima nimekipimia hivi."

Shehata akang'oa kigingi cha mpaka akakisogeza ndani ya shamba lake. "Chukua, dada, zitimie sita. Sitaki baba aje aniulize huko akhera." Ami Bayumi akakidaka. "Ukikisogeza, kesho watu wote wako mlangoni kwangu!" Wakavutana. Shehata akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mzee akaangukia mferejini, palipokuwa pakavu, mkono ukavunjika. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Leo, hapo nje ya kituo, Shehata ameniambia, "Sema aliteleza, na kigingi kitabaki nilipokiweka. Ukisema vingine, umejikatia mwenyewe." Kaka yangu nampenda. Alikuwa ananitetea mimi.

Nimeulizwa kama mzee aliteleza. Hakuteleza. Alisukumwa.

Nimeulizwa ukubwa wa shamba, maana karatasi ya Ami Bayumi inasema sita. Andikeni tano. Ragab nitamwambia mwenyewe.

Nimesomewa yote niliyoyasema, na ndivyo yalivyokuwa.

Sahihi: Inshirah A. Gaballah

Yameandikwa nami, Sajini Lutfi Mansi, tarehe 10 Novemba 1985, saa nane mchana. Shahidi alikuwa amempakata mtoto. Nilimuuliza kama anataka kubadilisha neno lolote. Akasema hapana.