Baiskeli ya Mabula Ukutani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Aurelia Anselim
Umri: Miaka 71
Kabila: Mndamba
Kazi: Kusuka mikeka
Makazi: Lipangalala, Ifakara

Kwanza wewe Koplo Noela, nimeingia humu ukaniuliza "unasemaje" bila shikamoo. Kijana mliyemfungia huko nyuma anakuzidi adabu. Andika na hilo.

Kila asubuhi natembea kutoka Lipangalala kwenda kwenye banda letu la mikeka karibu na misheni. Magoti yamechoka lakini pikipiki sipandi. Napenda kupita mtaa wa maduka ya zamani kabla mji haujaanza kelele. Nikifika lile duka lililofungwa, la mlango wa nakshi, nakaa kibarazani, naegemea mlango, napumzika. Hapo ndipo Mabula, Msukuma anayeuza maziwa kwa baiskeli, hunikuta.

Mwanzoni alikuwa ananiamkia huku anaendesha. Nikamwambia, "Mimi si nguzo ya umeme. Shuka." Tangu hapo hushuka, huegemeza baiskeli ukutani, hunipa shikamoo kwa mikono miwili.

Mnamo tarehe 9/4/2024, saa 12:30 asubuhi, nilifika pale nimechoka, mvua imenyesha usiku kucha. Nilikaa bila kutazama nyuma, nikaegemea. Mlango haukuwepo. Nilianguka chali, kichwa ndani, miguu barazani. Nikabaki naangalia popo darini, sina nguvu ya kuinuka wala ya kuona aibu.

Mabula akaja, akaegemeza baiskeli, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Niinue."

"Leo umehamia humu, bibi?"

"Niinue kwanza, utacheka baadaye."

Aliingia ndani anishike makwapani. Hapo akatokea Fridolin, mlinzi wa duka, ambaye asubuhi yote sikumwona, akapiga kelele za mwizi. Wanaume wa sokoni wakampiga Mabula, maziwa yakamwagika. Nikasema mlango ulikuwa umeshaondoka. Fridolin akanijibu, "Bibi, nenda zako kwenye mikeka."

Sasa mmemfungia Mabula, mnasema baiskeli yake imeonekana ukutani pale siku nyingi, eti alikuwa anaupeleleza mlango. Alikuwa ananiamkia mimi. Na mlango ule haubebwi na baiskeli yenye madumu. Nilipozunguka nyuma ya duka kunawa tope niliona alama za matairi ya gari. Zipo mpaka sasa.

Niliyoyaona ni hayo, sikuongeza chumvi. Nimechoka kusema.

Dole gumba la shahidi: Aurelia Anselim

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Noela, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Shahidi amekataa kuondoka, amekaa kwenye benchi la kaunta. Ametaka niongeze maneno yake haya:

"Nenda mwenyewe nyuma ya duka ukazione zile alama za matairi kabla mvua haijarudi. Kesho asubuhi napita njia yangu, nataka nimkute Mabula pale. Mfungulie, na baiskeli yake umrudishie."