Filamu ya Lori Ni ya Krismasi

4 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu yako imeacha kuvimba kwa kusimama kutwa kwenye mashine za kufulia za hiyo hoteli yenu. Sisi huku hatujambo. Mimi nashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu, na shemeji yako bado anakarabati redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu chache kuliko alivyozipokea. Anakusalimu sana.

Baba anakusalimu pia, ila habari zake nitakueleza bila kuzungusha. Ni macho. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda na la kulia linafifia. Sisi anatuona kama vivuli, lakini akivuta kiti karibu kabisa na televisheni bado anapata picha. Nilipomuuliza daktari itachukua muda gani, hakutaka kutaja. Alisema tu tusiahirishe mambo.

Kwa hiyo nakuuliza mapema, na nataka jibu la mtu mzima: Krismasi hii unakuja? Kila mwaka unaniambia mwakani, nami kila mwaka namfikishia Baba hiyo mwakani yako kwa sauti ya furaha. Sasa sauti hiyo imeniishia.

Shemeji yako amenunua televisheni kubwa ajabu, imemeza ukuta mzima wa sebule. Nimepanga siku ya Krismasi tumwekee Baba filamu. Mtu aliyeonyesha filamu maisha yake yote katika ukumbi wa mtaa wetu hawezi kukaa siku hiyo akisikiliza sisi tukitafuna. Nikamwambia achague filamu ya Krismasi yoyote. Akasema, "Ile ya lori."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Si unaikumbuka? Dereva anashusha mlima na lori la magunia ya chumvi, breki zimekatika, mvua inanyesha, anatukana saa nzima. Krismasi iko wapi mle? Filamu ya Krismasi lazima iwe na Krismasi ndani yake: kengele, mishumaa, watu wanaimba, zawadi imefungwa utepe. Nimemwambia Baba atafute nyingine. Amenuna. Niambie wewe, nani ana haki?

Dada yako


21 Septemba

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvuke. Miguu imepona, sasa ni mgongo. Habari ya macho ya Baba nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la mashuka machafu, na nilikaa hapo mpaka mkuu wa zamu akaja kuuliza kama nimeolewa na yale mashuka. Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie namuwaza.

Kuhusu kuja, nitaomba ruhusa. Ila ujue Krismasi ndiyo wakati hoteli inajaa pomoni, na mashuka hayajifui. Nitaomba, dada. Sijasema hapana.

Sasa tuje kwenye kesi. Baba ana haki na wewe umeshindwa kabla hujaanza. Filamu ya lori ni ya Krismasi kuliko zote nilizowahi kuona. Umesahau mwisho? Lori limesimama, dereva ameshuka, amelowa chapachapa. Kisha tunaona dirisha. Ndani kuna mti wa Krismasi wenye taa nyekundu na kijani, na meza imeandaliwa. Mwanamke mmoja anapanga sahani, anaweka moja zaidi, halafu anainua uso na kutazama mlango. Kimya. Mara mlango unagongwa! Nakumbuka ukumbi mzima tuliruka vitini, hata wale wazee wa viti vya mbele. Watu walipiga makofi kama dereva ni mtoto wao.

Nimepeleka kesi hii kwa mwenzangu wa kazi tunayemwita Kofia kwa sababu halali bila kofia yake. Yeye anasema filamu haiwezi kuwa ya Krismasi kama haina theluji.

Mdogo wako, Mwanasheria


6 Oktoba

Mwanasheria wangu asiye na cheti,

Hujambo wewe na huyo Kofia? Mwambie kama ni theluji tu, basi friji yangu ni filamu ya Krismasi, tena ndefu, maana haijayeyuka tangu mwezi wa tano. Huku wote tu salama. Baba jana alimimina chai nje ya kikombe, akajifanya alikuwa anaosha meza. Nami nikajifanya nimeamini.

Sasa kaa vizuri. Hilo dirisha unalolisema halipo. Mimi nilikuwa nauza tiketi pale ukumbini, na siku za kawaida wateja wakishaingia nilikuwa nasimama nyuma na kutazama. Filamu ya lori nimeiona mara zisizo na hesabu. Mwisho wake dereva anashuka, anavua kofia, anatazama barabara aliyotoka, basi. Maandishi yanapanda. Hakuna mti, hakuna mwanamke, hakuna sahani. Uliota, mdogo wangu. Ulikuwa mtoto, umeshiba, umelala kwenye kiti.

Tena siku ya Krismasi ndiyo wewe ulikuwa unaingia, kwa sababu siku nyingine Mama hakukuruhusu kusikia matusi ya yule dereva. Mimi siku hiyo nilibaki nje kwenye dirisha la tiketi kulinda baiskeli za watu. Nilisikia makofi, ni kweli. Nilidhani wanashangilia kwa sababu wamekwishakula vizuri.

Shemeji yako anasema filamu ya Krismasi ni ile inayomruhusu kulala katikati bila kukosa kitu. Mpuuze.

Ruhusa umeomba?

Dada yako


30 Oktoba

Dada,

Natumai hamjambo. Mimi mzima wa mwili.

Kofia aliipata ile filamu ya lori kwa mtu anayeuza diski za zamani. Jumapili mchana tulikusanyika chumbani kwetu, wapangaji wote, na mimi nikawa natamba: subirini mwisho, subirini dirisha. Walisubiri. Dereva akashuka, akavua kofia, akatazama barabara. Maandishi yakapanda.

Wote wakanigeukia. Kofia, Mungu ambariki, akasema labda nilichanganya na nyingine. Nikacheka nao. Halafu nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Wewe ulisema kwa utani, lakini dada, mimi nimeumia. Hiyo picha ndiyo ninayojipa kila Krismasi ninapokuwa mbele ya mashine. Mwanamke, sahani ya ziada, mlango. Nikiwakumbuka nyumbani ndiyo inayotangulia, hata kabla ya uso wa Mama. Kama haikuwepo, basi ni nini kingine nilichojitungia? Dirisha la jikoni lilikuwa na pazia la maua kweli? Mama alikuwa anaimba akipika, au hilo nalo nilimpa mwenyewe baada ya kufariki?

Nitakwambia ukweli ambao sijawahi kukuandikia. Kazi ni nyingi, ndiyo, lakini si kazi inayonizuia. Ninaogopa. Nina nyumbani kwangu kichwani, kuzuri, na naogopa kuja kukuta hakupo. Sasa nina sababu zaidi ya kuogopa.

Nimejiandikisha zamu ya Krismasi. Mwambie Baba kwa namna yoyote unayoona inafaa. Nisamehe.

Mdogo wako


18 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla ya salamu: pazia la maua lilikuwepo. Nililishona mimi, ndiyo kazi yangu ya kwanza, na upindo wake ulikuwa umeenda kombo. Na Mama aliimba kila siku aliyopika. Aliimba vibaya mno. Hujajitungia kitu.

Sasa salamu. Hatujambo.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Habari ya zamu sikumwambia Baba. Ila jioni moja, nikimkata kucha, nilimuuliza polepole: "Baba, filamu ya lori ilikuwa na dirisha?" Mkono wake ukatulia ndani ya wangu. Akaanza kutabasamu, yale matabasamu yake ya mtu aliyekamatwa. Akasema, "Kwani nani amesema?"

Basi sikiliza. Krismasi ya kwanza filamu ile ilipofika, Mama aliitazama mpaka mwisho, na njia nzima ya kurudi nyumbani alimfokea Baba kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. "Mtu ametoka huko kote hana breki, amelowa, halafu mnamwacha barabarani? Siku ya Krismasi? Nyumbani kwake hafiki?" Baba akasema ndivyo filamu ilivyo. Mama akamwambia basi irekebishe, wewe si fundi?

Unajua mkanda ukikatika Baba alikuwa anakata sehemu mbovu na kuunga kwa gundi. Ndani ya chumba cha mashine alikuwa na sanduku la vipande vya filamu zilizochakaa. Akapekua, akapata kipande kifupi cha mwanamke na sahani na mti wa Krismasi. Mwaka uliofuata, asubuhi ya Krismasi, akakiunga mwishoni mwa filamu ya lori. Kesho yake akakibandua na kukificha, mwenye ukumbi asije akajua. Akafanya hivyo kila Krismasi. Kwa hiyo wewe uliyeingia Krismasi peke yake uliona dirisha, na mimi niliyeingia siku zote isipokuwa Krismasi sikuliona. Tumegombana bure. Tulitazama filamu mbili.

Kipande kile hakikuwa hata na rangi, na filamu ya lori ilikuwa ya rangi. Baba anasema kila mwaka alingoja mtu aulize. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alidhani ni kwa sababu ya usiku.

Nikamuuliza, na kugonga je? Mdogo wangu anasema mlango uligongwa. Baba akasema kipande kiliishia yule mwanamke anapotazama mlango. Dereva hangeweza kuingia, alikuwa wa filamu nyingine. Kwa hiyo Baba alikuwa anazima sauti, na Mama, aliyesimama nyuma ya kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, anagonga ubao. Mara mbili za haraka, kisha moja ya kuchelewa. Si unakumbuka alivyokuwa akinyanyuka kabla filamu haijaisha, eti anawahi sufuria jikoni? Uongo mtupu. Alikuwa anakwenda kumfikisha dereva.

Alipofariki, Baba hakukiunga tena. Anasema hakukuwa na mtu wa kugonga.

Nikamuuliza, basi Baba, filamu ya Krismasi ni ipi? Akasema, "Mama yenu alisema ni ile ambayo mtu anafika."

Alikuwa bado anacho kile kipande, ndani ya kopo la dawa ya viatu. Amenipa nikikate, nusu ibaki kwake, nusu nikutumie. Kimo ndani ya bahasha. Kishike kwenye mwanga.

Zamu ni zako, sitakulazimisha. Ila usiniambie tena kwamba unaogopa huku hakupo.

Dada yako


15 Desemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Labda posta imelala, labda wewe. Huku Baba ana mafua kidogo, mengine ni yaleyale. Jicho la kulia limepungua zaidi. Juzi aliniita kwa jina la Mama, kisha akasema ni kivuli tu kilichomchanganya.

Shemeji yako ameipata filamu ya lori. Tutaiweka Krismasi alasiri, baada ya chakula. Nimekubali rasmi kwamba ni ya Krismasi, andika tarehe. Ikifika mwisho Baba ataisimulia ile sehemu ya dirisha mwenyewe, kwa mdomo, kwa kuwa mashine yake haipo tena. Ameuliza nani atagonga. Nimemwambia nitagonga mimi, kwenye kabati la vyombo. Tukajaribu. Akatikisa kichwa, anasema nina mkono mzito, nagonga kama mtu anayedai kodi.

Nijibu hata kwa maneno mawili.

Dada yako


25 Desemba, mlango wa nyuma

Dada,

Barua hii haina stempu, naipenyeza chini ya mlango. Hujambo? Naona miguu yako hapo, una zile kandambili za bluu. Usipige kelele, nakuomba.

Kipande kilifika. Nilikishika kwenye taa ya chumba cha kufulia, Kofia akinishikia ngazi. Mti upo, sahani ipo. Taa hazina rangi, nyekundu na kijani nilizipaka mwenyewe, na hilo sasa halinisumbui hata kidogo. Mwanamke anatazama mlango. Nilimtazama mpaka Kofia akauliza kama tunalala huko juu. Kisha akasema atashika zamu yangu, na kwamba hataki tena kusikia habari za lori.

Sikukujibu kwa sababu nilijua nikiandika "nakuja" nitapata nafasi ya kuandika "mwakani."

Nimesimama hapa tangu dereva alipoanza kushuka mlima. Namsikia anavyotukana. Nawe, kama nilivyojua, uko jikoni na mwisho utaukosa tena. Acha vyombo. Nenda ukakae karibu na Baba, umshike mkono, safari hii uone dirisha. Masimulizi yake yakifika kwa mwanamke na sahani, nyote mnyamaze. Nimefanya mazoezi kwenye ukuta wa behewa njia nzima, abiria wenzangu wamenichukia. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa.

Usimwambie kitu. Nazunguka mlango wa mbele, nasubiri lori lisimame.

Mdogo wako