Shamba Ndani ya Kioo

Majengo, Mpanda
8 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Habari za Karema, na mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mwanao Evodi bado yuko safari na lori, anarudi mwisho wa mwezi. Nakuandikia kwa sababu kitochi chako hakipokei picha, na nikikupigia nitalia tu.

Ni wale samaki wa mawe wa marehemu baba mkwe. Tangi lao la kioo limegeuka kijani! Kioo, mawe, hata mpira wa pampu ya hewa, kote ukijani umepanda, siwaoni mpaka wapite karibu kabisa. Mama, mimi nimezaliwa Katumba kwenye mihogo, samaki nawajua wakiwa kwenye sufuria. Na hawa ndio wa mwisho baba kuwatoa ziwani kwa mkono wake. Wakinifia, nitamtazama vipi Evodi? Na wewe je? Jirani yangu Verdiana anasema nitie ile dawa ya kutibu maji ya kunywa, eti yanatakata siku hiyo hiyo. Nifanyeje?

Mwanao,
Spès


Karema
15 Juni 2025

Mwanangu Spès, marahaba sana.

Mgongo ni wa kizee, unauma na unatembea. Haya, nisikilize, na acha kulialia. Huyo Verdiana akae na dawa yake huko huko. Huo ukijani ndio chakula chao. Marehemu alikuwa akiuita shamba, akiniambia: hawa, mama Evodi, wanalima mawe. Sasa wewe ni mtoto wa wakulima, shamba unalijua. Palilia, usifyeke.

Dirisha la jua lizibe kwa kitenge. Chakula punguza, najua unawalisha kama wageni wa harusi, na kinachobaki ndiyo mbolea yenyewe. Kwangua kioo cha mbele tu, kwa sponji ambayo haijaonja sabuni. Maji toa kidogo kidogo, na ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo.

Nitakuja lini kuwaona, usiniulize. Tangu tumzike, hata maji ya ziwani sichoti, natuma watu. Barua nampa kondakta.

Mama yako,
Paskalia


Majengo, Mpanda
20 Juni 2025

Mama, shikamoo. Sijui hata niulizeje hali yako.

Barua imenikuta nimeshaharibu. Nilitia dawa. Nilisema, maji anayokunywa binadamu yatamdhuru vipi samaki? Kabla sijamaliza kufua, maji yalikuwa meupe pee na samaki wanaelea ubavu. Verdiana alikimbia kuleta maji ya kisimani kwao, naye analia. Tumeokoa mmoja tu, yule jike mwenye mstari wa njano.

Na huyo naye hali chochote. Kafumba mdomo, kidevu kimevimba, anatafunatafuna bila kitu. Nadhani dawa imemuunguza koo. Nisamehe mama. Naona kama nimemuua baba mara ya pili.

Mwanao,
Spès


Majengo, Mpanda
18 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Hujanijibu, simu hupokei, na sikulaumu. Natumaini mgongo umepoa. Ila hili lazima ulisikie.

Evodi aliporudi alikaa mbele ya tangi, kisha akaenda kuchota maji ya kisima. Tangu hapo nafanya ulivyoniagiza. Mawe na kioo cha nyuma nimeacha kijani kiote tena, mbele napalilia. Yule jike siku zote hizo hakula kitu.

Leo asubuhi nakwangua, akafungua mdomo. Mama, wametoka watoto! Watoto wazima, wadogo kama punje za mpunga, wana macho, wanaogelea! Sponji ikanidondoka. Mara Evodi akabamiza mlango, wote wakarudi mbio kinywani mwa mama yao, akafunga. Nikapiga kelele, Yesu wangu! Mpaka Verdiana akaja mbio na unga mikononi. Kumbe hakuwa mgonjwa. Nilipotia ile dawa alikuwa nao tayari, akakaa na njaa asije akawameza.

Sasa wametoka tena, wanadonoa kwenye kijani. Wanalima, mama! Naona aibu kusema, nimepiga magoti mbele ya kioo nikasali. Njoo uone.

Mwanao,
Spès


Karema
10 Agosti 2025

Spès mwanangu, marahaba.

Nimerudi nyumbani salama, ila vumbi la njiani nimelimeza lote mimi. Ule mwezi wa kunyamaza nilikuwa na hasira na wewe, tena nyingi, sikufichi. Halafu nikaja huko kwenu, nikainama kwenye kioo chako, nikasahau hata kukusalimia.

Nimepasua samaki mwaloni, mitumbwi inapotua, tangu sijaolewa. Hao wa mawe nikiwakuta na mayai mdomoni, tulikuwa tukicheka: mlafi huyu, kala mayai ya jirani! Marehemu naye alicheka. Hata yeye hakujua, Spès, na maisha yake yote yalikuwa ziwani. Ewe Mungu! Tumekula nao, tumelala nao jirani, na hatukujua.

Juzi mvuvi wetu Gervas katua na nyavu, ndani yuko mmoja wa mawe, bado anahema, kidevu kimevimba. Nikamwomba, akanipa. Nikaingia majini na kanga yangu mpaka kiunoni, nikamwachia pale kwenye mawe alipokuwa akivua baba yako. Wenzangu wamenicheka, eti mama Evodi kazeeka, anarudisha mboga ziwani. Nikawaacha. Maji yalikuwa ya baridi na mawe yote kijani, nikakaa humo kwa muda, nikiyapapasa.

Kile kioo cha nyuma usikiguse.

Mama yako,
Paskalia