Leo Nimemvua Papa Mfuko wa Bastola

Jumapili, Kindu. Mvua imenyesha tangu nilipotoka misa, sasa yamebaki manyunyu na matope mpaka mlangoni. Moyo wangu haujatulia, kwa hiyo naandika.

Anayepita hapa kwa mara ya kwanza ajue hivi: Papa, baba yangu mzazi, alikuwa polisi wa reli. Miaka ya vita alilinda kituo chetu cha treni akiwa na bastola ya Kibelgiji, ile ya zamani yenye mpini wa mti. Vita ilipoisha aliirudisha kwa wakubwa wake. Kilichobaki nyumbani ni mfuko wake wa ngozi, yeye anauita etui, na mapenzi.

Sitanii, ni mapenzi. Kila Jumapili anakuja Papa Tshibangu, mtu wa Kasai aliyefanya naye kazi ile, na wanaanza kuisifu bastola vile wengine wanavyomsifu mchumba wa ujana. Uzito wake ulivyokaa mkononi bila kuchosha. Vile ilivyokula vumbi na mvua na bado ikafanya kazi. Sauti ya chuma kikirudi mahali pake Papa anaiiga kwa ulimi, tak, halafu anatabasamu peke yake. Mimi sipendi silaha, nimeona zilichofanya hapa kwetu. Lakini wazee hawa wakianza maneno yao, naacha cherehani nasikiliza.

Wanachogombania ni namna ya kuivaa. Papa anasema kiuno cha kuume, juu kabisa, mkanda umekazwa, kifuniko kimefungwa kwa kifungo. Tshibangu anasema kushoto, mpini utazame mbele, maana kila ukipanda treni mlango wa behewa unagonga kiuno cha kuume. "Wewe ulikuwa unalinda mulango ao unalinda treni?" Papa anamuuliza. Lakini ukiwatajia mfuko wa wazi, usio na kifuniko, wote wawili wanasonya. Papa anasema kile kifungo kilimpa nafasi ya kufikiri kwanza, na kwa sababu hiyo kuna watu wa mji huu wanaoishi mpaka leo. Namwamini.

Na ngozi anaipaka mawese, mpaka imekuwa nyekundu. "Unaipakaa ao unaipika?" Tshibangu anamcheka.

Tangu mwaka jana akili ya Papa inakwenda na kurudi. Siku nyingine anaamka, kwake vita iko bado. Leo nikiwa misa alijifunga mkanda, mfuko kiunoni, akatoka eti anakwenda zamu. Bahati nzuri Tshibangu alikutana naye njiani, akamfuata akimbembeleza arudi. Hakurudi. Wakafika penye kizuizi cha wanajeshi, njia ya kituo.

Mwanajeshi aliona mfuko uliofungwa. Akainua bunduki, akamwambia asiguse kitu.

Sasa, watu wa kazi ile wa zamani walikuwa na adabu yao: ukimkaribia mwenzako mwenye silaha, unafungua mfuko wako kwanza, unamwonyesha ulivyo ndani. Papa akapeleka mkono kwenye kifungo, kwa heshima zote.

Tshibangu alimdaka kifundo cha mkono, akakishika kwa mikono yake miwili. "Huyu muzee iko mugonjwa," akapaza sauti, "hamuna kitu mule, hamuna kitu." Alinisimulia mwenyewe alipomrudisha nyumbani. Anasema yule mwanajeshi alishusha bunduki polepole, akawaacha warudi.

Adabu yake ndiyo ingemuua.

Kaka yangu wa Punia ameniambia kwa simu niuchome mfuko huo. Rahisi kusema ukiwa Punia.

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Papa. "Papa, nipatie etui." Nilitegemea hasira. Yeye huniita Mama, maana nina jina la mama yake.

"Mama, uliogopa?"

"Niliogopa sana, Papa."

Akafungua mkanda taratibu. Kisha akafungua kifungo, akainua kifuniko, akaniinamishia mfuko mpaka nione chini kabisa. "Angalia wewe mwenyewe. Hamuna kitu." Ndipo akaniwekea mikononi.

Nililia, tena si kidogo.

Sikuuchoma. Tshibangu ameuchukua kwake, na Jumapili wataupaka mawese huko huko, ndani ya nyumba, wakigombana wapendavyo.

Jioni mimi na Papa tulitoka kidogo kunyoosha miguu. Mkono wake wa kuume ukashuka kiunoni, ukakosa pa kutua, ukapanda, ukashuka tena. Mimi nilikuwa kushoto kwake, nimeshika mwavuli. Nikazunguka, nikaenda upande ule mwingine. Mkono ukanitua begani, mzito, naye akaendelea kunieleza kwa nini Tshibangu hajui kitu.

Kesho nitaanzia upande huo.