Magurudumu Kwenye Kona ya Mawe

Aus,
mwezi wa Julai

Kwako kaka yangu Timoteus,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi inayogandisha maji ndoo nzima. Natumaini Windhoek mko salama, na kwamba kifua cha wifi yangu kimepoa. Sisi ni wazima. Baba anatembea vizuri, na Shangazi Magrieta bado anagombana na mbuzi kana kwamba ni wakwe zake.

Kaka, nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Unajua nilipata kazi ya kupika na kuendesha gari la pili kwa Bwana Reinier, yule anayepeleka wageni kwa magari ya foo-wili kuifuata reli ya zamani iliyozikwa na mchanga. Safari ilianza vizuri, nakiri. Tulipunguza upepo wa matairi, tukapanda tuta la reli, na wageni wakashangaa kila kitu: stesheni iliyojaa mchanga hadi madirishani, tangi la maji lililotoboka, vyuma vinavyoning'inia juu ya korongo baada ya mafuriko kula udongo wake. Niliwaokea mikate kwenye makaa wakala na kondoo, wakaniita mama ingawa baadhi yao wangeweza kunizaa.

Tulipokaribia Kona ya Mawe nilijua tutazunguka upande wa juu, kama watu wote wafanyavyo. Bwana Reinier akakata kona kushuka chini. Nikadhani amepotea, nikampigia honi. Hakusimama. Nilipomfuata ndipo nikaona kumbe njia imeshachimbika pale. Magari yamepita mara nyingi, Timo. Yamepita katikati ya makaburi.

Yale marundo meusi ya mawe tunayokwenda kuyaongezea jiwe kila mwaka yamesambaratishwa. Mengine wameyapanga duara wakawashia moto. Palikuwa na mifupa ya nyama choma na vizibo vya bia pale pale alipolazwa baba yake babu, aliyekamatwa na Wajerumani pamoja na watu wetu, akatandikishwa mataruma ya reli hii kwenye upepo huu huu mpaka akaanguka.

Nilikanyaga mafuta, nikampita, nikaliegesha gari langu kukingama mbele yake.

“We Lukretia, una wazimu?” akapiga kelele. “Toa gari njiani!”

“Hii si njia. Umesimama juu ya watu.”

“Watu gani? Hapa kuna hata msalaba mmoja?”

“Nani angewachongea msalaba? Wale waliokuwa wakiwachapa?”

Mgeni mmoja kijana akacheka, akauliza kama mizimu itamtobolea matairi. Nikamwambia mizimu haina haja, mimi mwenyewe nina kisu cha jikoni. Akaacha kucheka. Mzee aliyekuwa naye alishuka, akatazama yale marundo yalivyojipanga sambamba na tuta, moja baada ya jingine, akavua kofia. Akamwambia Bwana Reinier kwamba yeye hasogei hata hatua kwenda mbele, na kama gari litapita hapo basi litapita bila yeye. Wenzake wakaanza kushuka mmoja mmoja.

Bwana Reinier akawa mwekundu kama pilipili. Akanifukuza kazi hapo hapo, mbele ya wageni, halafu akaniambia neno ambalo limeninyima usingizi. Akasema nisimlaumu yeye, kwani njia ile alielekezwa na mtu wa ukoo wetu wenyewe. Nikamwita mwongo. Akatoa simu akaniwekea ujumbe wa sauti.

Ilikuwa sauti yako, kaka.

Nilikusikia ukisema, na kile kicheko chako cha puani, “Pita chini ya kona, bosi, ni mkato mzuri. Pale pana mawe ya wajenzi tu, hakuna anayejali.” Hakuna anayejali! Wewe uliyebebwa mgongoni na Baba kwenda pale kabla hujajua kutembea! Sasa naelewa ofisi nzuri uliyopewa huko Windhoek kwenye kampuni yake imetoka wapi. Ungeniambia una shida ya kazi ningekuelewa. Ungeuza mbuzi wote ningekuelewa. Lakini wafu wetu hawakuwa wako peke yako, mpaka uwagawe kama mkato.

Tulirudi kwa upande wa juu, mimi nikashushwa pamoja na sufuria zangu. Asubuhi yake mimi na Shangazi tulikwenda na gari lake bovu kurudisha mawe. Mengine yana masizi hayatoki. Shangazi aliyasugua kwa kanga yake huku akilia na kutukana, akiuliza ni mshenzi gani aliyewaonyesha. Sikukutaja. Baba pia hajui, na mimi sitamwambia. Utakuja wewe, utakaa mbele yake, utamwambia kwa mdomo ule ule uliocheka.

Wasalimie wifi na watoto, wabusu kwa niaba yangu. Wao hawana kosa. Baba anakusalimia sana. Jana alikuwa dukani akiwaambia watu kwamba mwanawe wa Windhoek ana ofisi yenye jina lake mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Lukretia Boois