Vipunje vya Karatasi Nilivyomtandikia Diretrisi

Jumamosi, saa tisa mchana. Mvua imeanza tangu adhuhuri na bati la nyumba yetu hapa Murara linapigwa mpaka mtu akikuita kutoka jikoni humsikii.

Naogopa.

Nimeogopa tangu Jumatano, na nilidhani nikishasema ukweli hofu itaisha. Haikuisha. Basi naandika, labda mkono ukifanya kazi moyo utatulia kidogo.

Ninayemwogopea ni mnyama wetu, kobayi, yule ambaye vitabu vinamwita simbilisi. Huku kwetu kobayi huzurura jikoni, hula maganda ya viazi, na siku ya wageni huingia sufuriani bila kesi. Wa kwetu haliwi. Binti yangu Mwajuma, mwenye miaka tisa, alipewa na shangazi yake akamwita Diretrisi, kwa sababu anatembea kifua mbele kama diretrisi, mwalimu mkuu wa masomo yao. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mama, huyu haiko mboga." Nikaapa wallahi hataliwa.

Shida ilikuwa ni alale juu ya nini. Moshi wa jikoni ulimkohoza, tukamwekea sanduku la mbao barazani. Tukaanza na maranda ya seremala jirani; kumbe yalitoka kwenye mbao zilizopakwa vernisi, akapiga chafya siku mbili, machozi yanamtoka. Tukajaribu majani makavu, lakini msimu huu majani gani yanakauka Goma? Yakaleta viroboto. Nikachana magazeti. Asubuhi karatasi, mchana uji mtupu, na harufu ya mkojo inawapokea wageni kabla yangu.

Ndipo nikaona kwenye simu mfuko mzuri wa vipunje vya karatasi, vya wanyama wadogo hasa. Eti havina vumbi, vinakunywa mkojo, havinuki. Nikauliza dukani. Muuzaji akaniuliza kama natafuta sumu ya panya.

Nikajiambia, Mama Mwajuma, wewe unahangaikia nini? Karatasi si kazi yako?

Maana mimi natengeneza briketi. Naloweka makaratasi na makaye, yaani madaftari ya zamani ya wanafunzi, natwanga, nachanganya na vumbi la makala, mkaa wetu huo, nashindilia, naanika, na mama wa mtaa wananunua za kupikia maharagwe. Mwaka wa sita sasa. Basi Jumapili nikatwanga karatasi safi peke yake, bila makala, nikaviringa vipunje vidogo sawa na maharagwe, nikavianika juu ya mawe ya jiko, moto chini. Vikakauka vizuri, vigumu, vyeupe. Nilijivuna hadi nikawaonyesha majirani.

Sasa sikia upumbavu wangu. Briketi haishikani bila gundi, na gundi yetu ni uji wa unga wa muhogo. Mkono umezoea. Wala sikufikiri, nilikoroga uji, nikamimina, nikakanda, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Nilimtandikia mnyama chakula, na ndani ya chakula kuna karatasi.

Jumatatu nilimwona anatafuna kimoja. Nikacheka. Nikasema anaonja kitanda chake.

Jumatano Diretrisi hakupiga kelele Mwajuma alipofika na majani yake ya kula. Kobayi asiyepiga kelele mbele ya majani ana jambo. Nikamshika tumbo, gumu kama ngoma, na sandukuni hakuna kinyesi hata kimoja. Nilielewa palepale. Sitajidanganya hapa. Sikuhitaji daktari kuniambia.

Alhamisi tukampeleka Katoyi kwa daktari wa mifugo, Muzee mmoja aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alimtazama Diretrisi ndani ya kikapu, akacheka hadi kofia ikamtoka.

"Mama, kobayi tunakulaka! Leo munamuleta kwa muganga?"

Kisha akaacha kucheka, akambonyeza tumbo polepole, akauliza, "Inalalaka juu ya nini?"

Mwajuma alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika mpini wa kikapu kwa mikono miwili. Nyuma yetu mama wawili walioleta mbuzi wanasikiliza. Nikaona aibu, nikaona macho ya mtoto, mdomo ukajisemea wenyewe.

"Juu ya majani, Muzee."

"Nani anakataka hiyo majani?"

Mwajuma akainua kidole kama yuko darasani.

"Njo hiyo," akasema. "Majani ya mvua inavimbishaka tumbo. Usimupatie tena, mutoto." Akatoa dawa ya gesi ya tumbo, tukaondoka.

Jumamosi leo, na tangu siku ile Mwajuma anagusa tu sahani. Jana asubuhi, kabla ya kwenda masomo, aliniuliza, "Mama, ni miye niko namuua?" Nikamjibu, "Mungu ndiye anajua." Astaghfirullah. Nilimsukumia Mungu mzigo wangu. Alipotoka nikakusanya vipunje vyote nikavitia kwenye mbabula, jiko letu la makala. Viliwaka vizuri sana, bila moshi.

Baba yake angekuwepo ningemwambia yeye kwanza. Yuko njiani anatoka mji wa Kiwanja na gari la mahindi, njia yenye watu wa bunduki, na simu yake haipiti tangu juzi. Hofu hiyo nimeizoea. Inakaa nyumbani kwetu kama mtu wa ukoo. Hii nyingine niliileta mwenyewe kwa mikono yangu.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wakubwa. Yangu iliishia asubuhi ya leo, nilipomwona mnyama amelala ubavu na pumzi zinamhangaisha. Dawa ya gesi haikuwa imefanya chochote, na kosa halikuwa la dawa. Nikajifunga kitenge, nikampakata kifuani, nikapanda pikipiki peke yangu hadi Katoyi. Mwajuma nilimwacha kwa jirani.

Nilimwambia Muzee yote, hata uji wa muhogo. Hakucheka safari hii.

"Karatasi na unga wa muhogo," akasema. "Mama, ndani ya tumbo inakuwa briketi."

Akamtia mafuta mdomoni kwa bomba la sindano, akanionyesha jinsi ya kumsugua tumbo kwa vidole viwili, kila baada ya saa moja, na kumnywesha maji ya uvuguvugu. Nikauliza kama atapona. Akafuta mikono yake kwanza.

"Ungenambia Alhamisi. Siku mbili tumezipoteza."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Niliporudi nilimkuta Mwajuma ametoka kwa jirani, yuko barazani ananisubiri na kitambaa cha kumfunikia Diretrisi. Mimi niliyelala chini ya kitanda siku za milio ya bunduki na kuwaambia wengine watulie, nilimwogopa mtoto wa miaka tisa. Nilikaa chini sakafuni, macho yetu yakawa sawa.

"Mwajuma, haiko majani yako. Ni vile vipunje vyangu. Nilivitia uji wa muhogo, akavikula. Nilijua tangu Jumatano. Kwa muganga nilidanganya."

Nilingoja alie, anipige, anikimbie. Akafunika mnyama vizuri, miguu yote.

"Nilijua analala juu ya vipunje," akasema. "Lakini ulimwambia Muzee ni majani. Nikafikiri ni miye nilisahau."

Eh Mungu wangu.

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilidhani nimemficha jambo. Kumbe alikuwa ameliona kwa macho yake, akaona ni afadhali asiyaamini macho yake kuliko kutoniamini mimi.

Nilimwomba msamaha. Akasema "ndiyo, Mama," kwa ile sauti ya kumjibu mwalimu. Tukaanza kumsugua tumbo kwa zamu, yeye kisha mimi. Diretrisi alinywa maji kidogo. Mara moja alitikisa pua. Tumbo bado gumu.

Nikataka kumfariji mtoto, kama mama yeyote. Nikasema, "Atapona, usiogope."

Mwajuma aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua ashike lipi.

"Hiyo ni kweli, Mama, ao unasema tu?"

"Sijui," nikasema. "Sijui kama atapona."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kusugua. Baadaye, bila kuniangalia, akasogea akaegemea bega langu, na ndipo machozi yake yakaanza.